King'ora cha Kiwanda cha Sabuni

Benchi la Mama Kahawa linatazamana na ukuta wa kiwanda cha sabuni. Tangu pipa la klorini livuje kiwandani mwezi uliopita, mtaa mzima ukakohoa siku mbili bila kuambiwa kitu, hapo benchini hakuna habari nyingine. Sasa kiwanda kimefunga king'ora juu ya mnara wa maji, na asubuhi hiyo, saa nne kamili, kilipangwa kulizwa kwa majaribio. Dobi aliacha pasi ikipoa akaja kukaa. Ni yeye aliyewaburuta wenzake hadi getini kukidai king'ora hicho, wiki tatu mfululizo, kwa hiyo leo alikalia benchi kama bwana harusi.

— Karatasi yao inasema kikilia ingia ndani, ufunge milango na madirisha, alisema Dobi. Basi.

Basi wapi! Redio, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hazimwi, alishikilia kuwa king'ora kina milio mitatu: mfupi wa magadi, mrefu wa klorini, na wa tatu wa kuwaamsha walinzi bosi akifika. Fundi Baiskeli akasema klorini ni nzito, hutambaa chini, kwa hiyo atakayepona ni aliye juu ya baiskeli, na kwake zipo mbili za kuuza. Redio akampiku: bora kupanda mnara wenyewe. Mama Kahawa, huku akimimina, akaapa kuwa mvuke wa kahawa yake unafukuza gesi yoyote, mradi mtu anywe vikombe viwili. Walicheka, na wakaagiza vya pili.

Saa nne ikafika. King'ora kikalia hadi vikombe vikatetemeka kwenye sinia. Benchi zima liliziba masikio, mbwa wa jirani akaingia uvunguni mwa benchi, na kilipokoma Dobi alisimama akapiga makofi peke yake.

— Haya, nionyesheni mtu wa mtaa huu ambaye hajasikia.

Mpangaji mpya wa chumba cha juu, binti aliyehamia juzi, alikuwa amekuja na chupa yake ya chai kujaziwa kahawa. Alitazama ng'ambo ya barabara.

— Samahani kaka, yule dada anayeshona pale dirishani, mbona hakuinua hata kichwa?

Wote waligeuka. Nyumba ile imegusana na ukuta wa kiwanda, na dirisha lake liko wazi kutwa, maana mshonaji anataka mwanga. Ni dada mkubwa wa Dobi. Hasikii tangu alipougua surua utotoni, na hapo benchini hakuna asiyelijua hilo. Redio aliinamia kikombe chake. Fundi Baiskeli akaanza kukagua spoki ambazo hazikuwa na tatizo.

Dobi aliona aibu ikimpanda hadi masikioni. Wiki tatu za kupigania kelele, na mtu wake mwenyewe hakumpitia akilini hata siku moja. Aliweka chini kikombe kilichojaa nusu, jambo ambalo Mama Kahawa hajapata kuliona, akavuka barabara.

Alisimama dirishani akaanza kueleza kwa mikono: mnara, sauti, gesi. Mikono ilimkataa, akarudia. Dada yake alisimamisha cherehani, akamwacha ahangaike mpaka akamaliza. Kisha akamjibu, taratibu, kwa ile mikono yake ambayo Dobi ameisoma tangu mtoto.

— Karatasi yao niliisoma, saa nne niliijua, na kwa pembe ya jicho niliwaona mmeziba masikio wote. Mlango nilikuwa nimeshaufunga, nikaacha dirisha hili nione nani atakuja.

Dada alilinyooshea kidole benchi, akakunja vidole kama anayeshika kikombe.

— Wewe ndiye uliyekuja. Sasa nenda kaniletee kahawa, na kesho ukae upande huu wa barabara.