Mama Vumbi na Wimbi Alilolingojea

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, historia yake hii inasomwa na mdogo wake wa mwisho, aliyeacha shule kidato cha pili na ambaye hajawahi kushindwa na mtu kwa maneno, aliyeteuliwa na familia kwa sababu wenye digrii zao wote leo sauti zimewakauka.

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Vumbi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, katika hospitali iliyo nyuma ya soko kuu, akiwa mtoto wa kwanza wa mama mfagiaji wa ofisi na baba fundi viatu. Alianza shule ya msingi mwaka 1978, akafaulu kila mtihani kwa kiwango cha kutuudhi sisi tuliomfuata, akaenda sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu, ambako alipata shahada ya uzamivu ya fizikia mwaka 2002, na mama yetu alipoelezwa ni fizikia ya nini, alisema, "Miaka yote nafuta vumbi ili usome, mwanangu, na wewe ukaenda kulisomea?"

Aliajiriwa katika maabara ya chuo hichohicho, chumba cha chini kisicho na dirisha, akichunguza gesi iliyopigwa umeme mpaka ikawaka, iitwayo plazma, yenye punje za vumbi ndani yake kama zilivyo kwenye pete za sayari ya Zohali huko juu, ambapo kila punje hubeba umeme, huisukuma jirani yake, na wimbi hupita taratibu hata jicho tupu likaliona. Wazo lake, lililowachekesha wakubwa wake, lilikuwa kwamba wimbi hilo likisukumwa mara mbili, likafa, baada ya kimya hurudi lenyewe, kwa kuwa punje huwa hazijasahau, na wazo hilo ndilo lililomlia ujana wake wote.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1999 na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, mwanamume pekee aliyeweza kubishana naye, akashindwa, asinune, wakajaliwa binti mmoja, yule pale mbele aliyevaa koti jeupe la mama yake.

Kisukari kilimwanza mwaka 2015, kikala figo, kikala macho, na chombo alichokibuni kulijaribia wazo lake kilipopandishwa hatimaye kwenye kituo kinachozunguka dunia, kusiko na uzito wa kulivuta vumbi chini, yeye alikuwa kitandani, haoni hata kijiko anacholishiwa. Picha zilipofika, aliwatoa wodini wenzake wa maabara pamoja na mumewe, akambakiza huyu mdogo wake na kompyuta, akamwambia, "Wale wananipenda na wanajua ninachokitamani, wataliona wimbi hata kama halipo, lakini wewe mjinga wangu hujui hata pa kudanganyia, niambie unachokiona."

Mdogo akamwambia, dada, limesukumwa, linacheza kama pazia, sasa limesukumwa tena, sasa limepoa, akaulizwa, na sasa, akajibu limetulia, akaulizwa tena, na tena, mpaka picha ikaisha, na huyu mdogo anayejigamba kwamba anaweza kumuuzia mwenye kipara kitana hakupata neno jingine la kumpa. Dada akampapasa mkono, akasema, "Basi, nilikosea," akageukia ukutani, kazi yake hakuitaja tena, akafariki asubuhi ya tarehe 3 Juni 2022.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliopika na kukesha nasi, na wenzake wa maabara, ambao wanasema hata kukosea kwake ni elimu, nasi tunawaitikia kwa heshima, ingawa yeye hakupata faraja hiyo.

Pumzika, Mama Vumbi, usiulize tena, ulisema kinachokufa hurudi baada ya kimya, na mdogo wako ameliangalia jeneza hili tangu asubuhi, naye kama ulivyomwagiza anasema anachokiona: limetulia.