Usingizi wa Mchana wa Al Qusais

Alhamisi, tarehe 28 Aprili 2016, Bi. Rukiya Zahor anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya ushauri wa mazingira kwa miaka ishirini na minne. Ofisi itamuaga ukumbini kwa Kiingereza. Ukurasa huu ni wetu sisi Waswahili wa Dubai, tumuage kwa lugha aliyotugombezea.

Alikuja kutoka Unguja akiwa mpima kelele, akapanda hadi kuwa mkuu wa tathmini za athari kwa mazingira. Ripoti haikutoka bila saini yake, na saini yake haikupatikana kwa kubembelezwa. Ukimuuliza kama yuko tayari, atakujibu "bado", ndiyo maana tukamwita Bi. Bado. Siku moja mwenzetu Adib alipiga chafya karibu na mashine ya kupimia, na kazi ya asubuhi nzima ikaanza upya. Adib hadi leo hutembea na leso mbili.

Lakini tutakayemkumbuka zaidi ni Bi. Rukiya wa mwaka 2013. Upanuzi wa uwanja wa ndege ulikuwa mezani kwetu, pamoja na eneo jipya la kujaribia injini, jirani kabisa na nyumba za wafanyakazi huku Al Qusais. Kanuni tulizopewa zililinda usingizi wa usiku. Injini zingejaribiwa mchana tu, kwa hiyo ripoti ilipita bila doa. Ilibaki saini.

Bi. Rukiya alikuwa na desturi yake: kabla ya kusaini, anakwenda kubisha hodi kwa watakaoishi na jambo lenyewe. Akaenda saa nne asubuhi, akakuta jengo zima mapazia yamefungwa. Mlango aliobisha ukafunguliwa na Joweria, Mganda anayefanya usafi uwanjani zamu ya usiku, blanketi begani, macho mekundu.

"Madam, ndiyo kwanza nimelala," akamwambia. "Hapa sote tunalala saa hizi."

Bi. Rukiya alirudi ofisini amejaa aibu kwa kumwamsha mtu, na aibu ile ikageuka hasira. Tulikuwa tumepima usiku, wakati vyumba vile ni vitupu. Hakusaini.

Bosi wetu, Bw. Raed, alimsihi: "Khalas, yaishe, Bi. Rukiya, kanuni imesema usiku." Mteja akatishia kuipeleka kazi kwingine, na hapa kila mtu anajua kazi ikienda, viza nayo inakwenda. Wapo waliomnunia waziwazi. Yeye alishikilia neno moja, kwamba kanuni iliwekwa kwa ajili ya watu walale, na watu wenyewe wanalala mchana. Wiki baada ya wiki aliingia mikutanoni na chupa yake ya chai ya tangawizi, akatoka na jibu lilelile. Mwishowe Bw. Raed alikwenda naye kwenye jengo lile, akaona mapazia, akateremka ngazi kwa kunyata. Kesho yake yeye mwenyewe ndiye aliyembishia mteja. Eneo la injini likahamishiwa upande wa maghala, na ukuta ukajengwa. Ndipo Bi. Rukiya alipotoa kalamu.

Leo hakuna tathmini inayoanza hapa kabla hatujauliza nani analala saa ngapi. Hilo ametuachia, nasi hatuliachi.

Sherehe ya kumuaga ilipangwa saa nne asubuhi. Alipoambiwa, mnajua alichojibu. Sasa itakuwa saa kumi na moja jioni, ili Joweria na wenzake waje wameshalala, wapate kula keki kabla ya basi la zamu.

Ahsante, Bi. Rukiya. Umetuchosha, umetufundisha, na tunakupenda. Mungu akupe afya na umri mrefu. Ukifika Unguja, saa nne asubuhi funga mapazia ulale. Mtu akibisha hodi, mwambie bado.

Frida Kondo, Kitengo cha Vipimo