Simu ya Kombewa Haishikwi

Mwaka ule wa tisini, nguzo za simu zilipofika Kombewa, watu wa soko walifurahi sana, mpaka simu ilipoanza kulia. Kibanda chake kilisimamishwa hatua ishirini tu kutoka benchi la Saleh, muuza kahawa aliyekuja kutoka Kisumu kwa wiki moja na hakurudi tena. Kila siku ya soko, saa nne asubuhi, simu ililia, na watu wakaitazama kama wanavyomtazama mlevi anayeimba, wakiomba achoke mwenyewe. Hii ilikuwa wiki ya sita. Benchini walikaa wale wale: Walubengo, aliyeitwa Injinia kwa sababu alichimba mashimo ya nguzo kwa wiki mbili; Zadock Redio, ambaye redio yake haikuwa na betri; na mzee Nicodemus. Nicodemus alikuwa na mtoto Mombasa, Obiero. Karibu na Pasaka alinakili namba ya kile kibanda, akampelekea kwa barua. Tangu hapo, kimya. Naye hakuandika nyingine, maana zamu ya kujibu haikuwa yake.

— Imeanza, alisema Saleh.

— Wacha ilie, akasema Zadock. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hii imekaa hapa miezi mbili na hakuna mtu ameipea jembe.

— Simu italima nini, yawa? Saleh akauliza.

— Nyinyi nisikilizeni mimi, alisema Injinia. Mimi ndio nilichimba hizo mashimo. Hiyo simu haiiti sisi. Inaita soko la Sondu. Mawaya zimepishana huko Kisumu.

— Na ile ya Sondu ikilia, inaita nani?

— Inaita Kombewa! Hiyo ni sayansi.

Nicodemus aliipenda hiyo habari ya Sondu. Maishani mwake alikuwa amepokea telegramu mbili: ya kwanza ilimletea kifo cha kaka yake, ya pili kifo cha mkewe, aliyefia Nakuru alikokwenda kutibiwa. Habari njema zilikuja polepole, ndani ya bahasha, mfukoni mwa kondakta wa basi. Haraka ilikuwa na kazi moja tu. Aliogopa, wala hakuona haya kuogopa.

— Sondu wapi! Zadock akasema. Hiyo ni serikali. Iko mtu Nairobi amekaa na daftari. Ukishika tu, anaandika: huyu saa nne hana kazi. Kesho chifu anakukujia uende kulima barabara.

— Chifu mwenyewe akifika hapo anavuka ng'ambo ya barabara, alisema Saleh.

— Si unaona? Anajua!

— Omera, ndugu yangu, wewe hujui radi ya huku kwetu Seme, Injinia akasema. Ile nguzo ya karibu na hospitali imepigwa mara tatu. Radi imeingia kwa waya na haina pa kutokea. Ukishika, inatokea kwa sikio yako. Ndio wahenga walisema, dawa ya moto ni moto.

— Hiyo methali imeingia aje hapo?

— Imeingia na radi.

Saleh akawajazia vikombe, akakaa juu ya debe lake.

— Mimi nitawaambia, lakini msinicheke. Ni watu walikufa kabla simu haijafika. Kila mtu alikufa na neno lake hajasema. Sasa laini imekuja, wamepanga foleni.

Zadock akaisogeza redio yake mbali na kibanda.

— Hata mimi wakati wa kuchimba nilisikia kitu, alisema Injinia.

— Ulisikia njaa.

Simu ikanyamaza. Nicodemus akashusha pumzi. Ikaanza tena.

— Mzee Nico, mbona husemi kitu? Saleh akauliza.

— Nasema muiache.

Wakati huo akatokea mwanamke aliyevaa sare nyeupe, Sista Nasipwondi, muuguzi aliyehamishiwa Kombewa Jumatatu iliyopita. Alikuwa bado hajui jina la mtu hapo sokoni. Akaomba kahawa, akasikiliza.

— Kwani simu yenu ni mbovu?

— Si mbovu, sista, alisema Injinia. Inalia vizuri sana.

— Sasa mbona hamshiki?

Wote wakanywa kahawa kwa pamoja. Sista akaweka kikombe chini, akaenda. Nicodemus alitaka kumpigia kelele arudi, lakini sista alikuwa amekwisha shika simu. Mzee aliutazama mgongo wake. Sista alisikiliza kwa muda mrefu, akasema "ndiyo" mara mbili, kisha akaziba simu kwa kiganja, akawageukia.

— Ni kijana, anapiga kutoka Mombasa. Anasema alipopata hii namba aliacha barua, maana simu ni haraka. Siku ya soko ya sita hii anapiga, hakuna mtu anashika. Anasema kwao soko haliachwi tupu hivyo, isipokuwa watu wote wameenda matanga.

— Anaitwa nani? Nicodemus aliuliza, lakini sauti haikufika.

— Analia, alisema sista. Na sarafu zinamwishia, kwa hivyo mnijibu upesi. Anauliza, mzee Nicodemus mlimzika lini?

Injinia akamtazama Zadock. Zadock akamtazama Saleh. Nicodemus alikuwa amekwisha inuka, anakimbia, na katika miaka yake sitini na minane hakuna mtu wa Kombewa aliyewahi kumwona akikimbia.