Kidole cha Mke

Basi lilipokaribia kituo cha polisi, mwashi akawa hatulii kitini. Saruji ilishamla alama za vidole, alimweleza muuguzi aliyeketi kando yake. Mashine ya kusajili laini ya simu ilipomkataa, akatumia kidole cha mkewe. "Juzi nikaandika kwenye kundi la mtandaoni kwamba diwani anatuuzia maji yetu wenyewe. Wakamkamata mke wangu."

"Kusema ni haki yako, kaka," alisema muuguzi, kana kwamba haki hugawiwa dirishani kama vidonge.

"Haki ni yangu, dada, lakini aliyelala ndani ni yeye."

"Si uwaambie ni wewe?"

"Niliwaambia jana. Wakaniletea mashine, nikabonyeza kidole."

"Ikasemaje?"

Basi likasimama. Mwashi akanyanyua kikapu cha chakula cha mkewe. "Eti mtu huyu hayupo."