Marehemu Lusia Ndaki, Mama wa Treni ya Mwanhembo

Marehemu Lusia Ndaki, Mama Salome, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1951 kijijini Mwanhembo, Shinyanga, mtoto wa tatu wa Mzee Ndaki na Bibi Klara. Alisoma hadi darasa la nne katika shule ya misheni, akaacha ili kumsaidia mama yake shambani.

Mwaka 1971 alifunga ndoa na Nkwabi Mageni, fundi wa genge la reli. Walijaliwa watoto wanne.

Kazi yake mnaijua. Asubuhi na jioni, treni ya kwenda na kurudi mjini iliposimama Mwanhembo, marehemu aliinua beseni la matobolwa hadi madirishani, na viazi vyake vilivyochemshwa na kukaushwa vililiwa hadi Tabora. Lakini kupanda hakupanda hata siku moja. Mumewe akimwambia, "Ipo siku nitakupandisha," yeye alijibu, "Nikipanda, nani atauza?"

Treni ikasitishwa mwaka 1996. Mzee Nkwabi akafariki mwaka 2009, ahadi yake ikiwa haijatimia. Hilo lilimuuma sana marehemu, ingawa alilisema mara chache. Binti yake Salome alimsihi ahamie kwake Kambarage, mjini, na mwanawe Enock akamwita Geita. Aliwajibu, "Treni ikirudi, itapokelewa na nani?" Akaendelea kufyeka nyasi za stesheni, watu wakimcheka. Subira huvuta heri.

Julai 2024 treni ilirudi. Marehemu alivaa kitenge kipya, akajitwika beseni, akagonga dirisha kama zamani. Kumbe madirisha ya siku hizi hayafunguki. Abiria wakamwashiria aingie. Akaingia, akawa anauza matobolwa huku akisalimiana na kila mtu, maana Msukuma hauzi bila salamu. Milango ikafungwa, treni ikaondoka naye.

"Shikamoo mama. Unashuka wapi?" mkaguzi wa tiketi akamuuliza.

"Marahaba, bhabha. Sijapanda mimi, nauza."

Behewa zima lilicheka. Mama mmoja akampisha kiti cha dirishani. Nyumba yake ilipopita nje, marehemu aliitazama, akalia, akasema taratibu, "Nkwabi, nimepanda." Hadithi hii aliisimulia mwenyewe, kila mara akiiongezea chumvi kidogo.

Mwanzoni mwa 2025 alianza kusumbuliwa na moyo. Enock alipoleta gari la kumpeleka hospitali ya Kolandoto, alisema gari libebe mizigo. Yeye anakwenda mjini kwa treni, wampokee huko. Ndivyo ilivyokuwa. Aliaga dunia tarehe 9 Oktoba 2025, Salome akiwa ameushika mkono wake.

Ameacha watoto wanne, Salome, Enock, Juliana na Sostenes, wajukuu kumi na mmoja, na beseni ambalo Juliana ameshalidai.

Mama, leo umepanda, huuzi. Keti dirishani, upumzike kwa amani.