Miaka Tisa Iliyopogolewa

Mchungaji, viongozi wa kijiji, wazee wetu, ndugu zetu Waislamu mliopanda kutoka Tukuyu mjini, wapenzi wa mpira wa miguu na waombolezaji wote, familia imemsimamisha mbele yenu Ambindwile, mdogo wake marehemu, awasomee maisha ya kaka yake, na imemwonya asitie chumvi, naye ameahidi, ingawa mnamjua.

Marehemu Ackson Mwakibinga alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 8 Aprili mwaka 1956, hapa hapa Matwebe, na mwaka huo unarudiwa kwa sauti ili walio nje ya turubai nao wasikie, elfu moja mia tisa hamsini na sita, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza usomwe mbele za watu, na ndilo jambo pekee aliloagiza. Alikuwa mtoto wa tatu wa mama Tusekile, huyu aliyeketi mkekani, na Ambindwile alifuata mwaka 1960, kwa hiyo ni Ackson aliyembeba mdogo wake mgongoni kwenda mtoni na kumrudisha, na siku moja kumsahau huko, ila hilo si la leo.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, akapata kipaimara mwaka 1971, pamoja na kina Fred na vijana wote waliochunga naye ng'ombe, na hapo wageni wetu inafaa waelewe, kwetu mtu hahesabiwi kwa karatasi, anahesabiwa kwa wale aliochunga nao, ndio rika lake, ndio atakaokaa nao uzeeni kwenye ukwangala, yaani ule utamu wa kukaa na wenzako mkataniana mpaka jua linazama, na siku yake ikifika ndio watakaomchimbia kaburi, walio wadogo wakisogeza maji ya kunywa tu.

Mwaka 1974 aliajiriwa kwenye mashamba ya chai, kazi yake ikiwa kupogoa, na jioni alicheza winga ya kushoto, na hapa Ambindwile anaomba ruhusa kidogo ya familia, kwa sababu lile goli la Kiwira la mwaka 1979 halina chumvi hata punje, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba golikipa alijulishwa na mkewe, nyumbani, wakati wa chakula, kwamba amefungwa. Tarehe 26 Desemba 1982 alifunga ndoa takatifu na Tupokigwe, wakajaliwa watoto wawili, Sekela mwaka 1984 na Yohane mwaka 1988.

Ndipo ikaja ruksa ya biashara, mitumba ikajaa sokoni, wafanyabiashara wakaanza kufadhili timu, na kila mfadhili akataka vijana, kijana, kijana, kama vile mpira unakataa kupigwa na mtu mwenye ndevu. Mwaka 1986 kocha Andrea aliyemlea Ackson uwanjani alipata nafasi ya kumpeleka klabu moja ya Dar es Salaam, tatizo likiwa ni kwamba Ackson alikuwa na miaka thelathini, na wenye klabu walitaka asiyezidi ishirini na mbili, Andrea akamtazama juu mpaka chini akasema, "Wewe si mpogoaji? Mchai ukizeeka unafanywaje?" Ackson akajibu kwamba unakatwa, nao unachipua majani machanga, Andrea akasema basi, akamkata miaka tisa palepale, akawa wa mwaka 1965, na majani yakachipua kweli, magazeti yakamwandika chipukizi kutoka milimani.

Viongozi wa klabu walifika hapa nyumbani kumwona huyo chipukizi, na mbele yao, ili mambo yakae sawa, Ackson alimwinamia Ambindwile, aliyekuwa na miaka ishirini na sita, akasema, "Shikamoo, kaka," naye Ambindwile aliitikia marahaba ya kusikika mpaka kijiji cha Lupepo, akaongeza na nasaha kuhusu pombe na wanawake, maana kaka mkubwa hana budi. Tulicheka wiki nzima. Ackson hakucheka, alikuwa anafunga begi.

Huko Dar es Salaam alicheza vizuri, hilo hata maadui wanakiri, lakini chipukizi hawezi kuwa na mke wa ndoa na mtoto anayeongea, kwa hiyo Tupokigwe aliposafiri kumtembelea mwaka 1987 alitambulishwa kambini kama dada yake, akalala nyumba ya wageni peke yake, na Sekela, aliyekuwa na miaka mitatu, akafundishwa njiani kumwita mjomba, mtoto akashika somo vizuri kupita kiasi, akaendelea kumwita mjomba hata waliporudi nyumbani, hata Ackson alipokuja likizo na kumletea viatu vyekundu, "Asante, mjomba." Jioni vijana wa kambini, wa miaka kumi na tisa kweli, walipotoka kwenda dansi walimwacha, kwa sababu aliongea kama baba zao, na watu wazima wa klabu hawakukaa naye kwa sababu kwao alikuwa mtoto, basi akawa anakaa kwenye ngazi za nyuma akisikiliza taarifa ya habari redioni, na wenzake wakashangaa chipukizi gani huyu anayejali bei ya mbolea.

Mwaka 1993 magoti yalikataa, na mtu wa miaka thelathini na saba magoti yakimkataa watu humpa pole na kiti, lakini yeye kwa mpira alikuwa na miaka ishirini na nane, wakamwita mvivu, wakamwita mlevi, yeye ambaye pombe alikuwa hajaionja tangu aondoke Rungwe, na dawa ya kujitetea ilikuwa neno moja tu, nimezeeka, nalo ndilo ambalo hakuweza kulitamka, wakamwacha. Andrea, aliyemkata, hakuna aliyemkata yeye, alistaafishwa mwaka 1984 akaagwa kwa sherehe na saa ya ukutani, Jumatatu akaonekana uwanjani na filimbi, akaagwa tena na tena, na leo ana miaka sabini na minne, yuko pale nyuma amesimama, bado anafundisha timu ya Kiwira, ana saa nne ukutani na hajui saa ya kwenda nyumbani.

Ackson alirudi Matwebe mwezi Februari 1994, na Jumapili ya kwanza baada ya ibada akawafuata rika lake, waliokuwa wamekaa migombani pa Fred na chungu cha kimpumu, pombe yetu ya ulezi, mchungaji atatuwia radhi, kila mtu na mrija wake, akavuta kigoda, na Fred kwa utani tu, utani wetu huu huu, akasema, "Hee! Tangu lini watoto wa sitini na tano wakakaa na baba zao? Shikamoo yetu iko wapi?" Watu wakaangua kicheko, wakangoja ajibu, kwa sababu utani hujibiwa, angemwambia Fred hata kwamba kichwa chake kina upara kama uwanja wa Kiwira yangekwisha, lakini alikuwa amekaa miaka minane na watu wasiomtania, alikuwa amesahau zamu yake. Akasimama, akasema, "Shikamooni," akaondoka.

Hakurudi tena pale, na wao hawakumfuata, wakidhani amejiona wa mjini, naye akidhani wamemfuta, ikapita miaka saba hivyo kati ya nyumba zinazoonana moshi. Aliwafundisha watoto mpira, wakamwamkia shikamoo, na rika lake lilikuwa limedai shikamoo, katikati hapo hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia "vipi". Kwenye mechi alisimama peke yake kwenye kona ya kushoto, huko huko alikozoea kupiga mpira, hata mvua ikinyesha, na mvua ya Rungwe mnaijua.

Mwezi Juni 2001 aliugua figo, akalazwa hospitali hapo Tukuyu, nesi alipomuuliza umri akauliza, "Wa mpira au wa mama?" wodi nzima ikacheka, yeye akiwa ameuliza kwa dhati. Siku zake za mwisho alimwambia Ambindwile, "Nikifa utasoma wewe, maana una domo, usome mwaka wa mama, wakinizika na sitini na tano watanichimbia watoto." Alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 11 Oktoba 2001, alfajiri, akiwa na miaka arobaini na mitano, Sekela akiwa amemshika mkono akimwita baba, na alikuwa akimwita hivyo siku nyingi, ila Ackson kila mara aligeuka kama mtu aliyeitwa na mgeni.

Jana Ijumaa, mwili ulipofika, vijana wa timu walikuwa wameshaanza kupima kaburi, ndipo Fred akaja na majembe na rika zima nyuma yake, wengine kwa migongo ya kazi ya chai hata kuinama hawawezi, akawaambia, "Tokeni, leteni maji, huyu si saizi yenu." Wakachimba mpaka giza. Kabla ya hapo Fred alikuwa amesogea kwenye jeneza, akavua kofia, sote tukadhani anaomba, akasema, "Vipi, Ackson," akangoja kama anayempa mtu zamu yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mchungaji na waumini, Yussuph muuza nyama wa Tukuyu aliyetoa gari, majirani, wachezaji, kocha Andrea, na kwa namna ya pekee rika la marehemu, ambao udongo bado uko kwenye suruali zao.

Msalaba umeandikwa 1956, nendeni mkausome.

Pumzika kwa amani, Ackson, na miaka yako yote.

Shikamoo, kaka.