Rangi za Drateru kwenye Skrini ya Pampu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi, wageni wetu mliotoka Koboko kumchukua Drateru, wafanyakazi wenzangu wa maji hapa Arua, hamjambo? Nimeombwa nimsifu. Nitamsifu, ingawa cheo anachokwenda kukishika huko Koboko nilikiomba mimi pia, na wengi hapa mnajua.

Programu inayoangalia pampu zetu niliiandika mimi, Alionzi. Miaka yote ilitoa ujumbe mstari kwa mstari, maandishi meupe juu ya skrini nyeusi, na kati ya mamia ya "pampu inaendelea" ulijificha mmoja wa "pampu imesimama". Nani aliweza kuuona? Mimi tu. Hata kwenye harusi ya dada yangu, fundi wetu Lukumani alinifuata mpaka ndani ya kanisa: "Mzee, kuja mbio, kompyuta iko naandika kitu, sisi hapana jua." Nililalamika, lakini jamani, nilivyokuwa napenda!

Akaja huyu binti. Kwa mchana mmoja akaweka kijani kwa pampu iliyo sawa, njano kwa inayolegea, nyekundu kwa iliyosimama. Mkurugenzi akapiga makofi. Mimi nani aliwahi kunipigia? Kisha ripoti ikachapishwa imejaa takataka, mabano na tarakimu za kuiamuru skrini rangi, kila mstari, nami nikafurahi, siwafichi. Chai yangu haikuwa imepoa, tayari ameifundisha programu itie rangi kwenye skrini pekee, kwenye faili la ripoti iache.

Mwezi uliopita nililala na malaria. Hakuna aliyekuja kuniita. Niliporudi nikamuuliza Rehemah, mhasibu wetu, kama kulitokea shida.

"Pampu ya Ayivu ilikufa," akasema. "Mimi naona iko nyekundu, naita Lukumani, yeye natengeneza. Wewe pumzika tu, mzee."

Watu wa Ayivu walichota maji yao, nami nilikaa kwenye kiti changu nikaona wivu.

Ndugu zangu, kazi ya Drateru ni bora kuliko yangu. Nimesema, mmesikia.

Drateru, Koboko nako wanatumia programu yangu ileile, utaikuta bado na maandishi meupe tupu. Itie rangi. Lakini kuna mistari mle ndani ambayo hutaielewa mara moja. Ukifika hapo, niite. Nakuomba, binti yangu, uniite.

Asanteni sana kwa kunivumilia hadi hapa.